Maji Chini ya Msingi: Ujenzi wa Nyumba Katika Ardhi ya Mbuga, Shinyanga na Geita

Msafiri aendaye Mwanza kutoka Tabora kwa reli iliyokamilika mwaka 1928 huiona nchi ya Shinyanga ikibadilika mara kwa mara mbele ya macho yake. Kuna vilima vya mawe ya matale na mteremko wa mchanga. Kisha hufuata mbuga pana, tambarare, yenye udongo mweusi. Wakati wa kiangazi mbuga hiyo hupasuka nyufa ambazo mtu aweza kutia mkono ndani yake. Mvua zinyeshapo, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, nyufa hizo hufumba, ardhi hulainika, na magurudumu ya magari hukwama.

Nyumba iliyojengwa juu ya ardhi ya namna hiyo haiwezi kukaa kana kwamba imejengwa juu ya mwamba. Si jambo geni kuona darasa au nyumba ya kuishi ambayo haijamaliza misimu mitatu ya mvua, nayo kuta zake zimekwisha pasuka kutoka pembe ya dirisha hadi kwenye paa, sakafu imeinuka katikati, na mlango haufungi tena. Mwenye nyumba humlaumu fundi kwamba alipunguza saruji. Fundi naye huyalaumu matofali. Mara nyingi wote wawili huangalia mahali pasipohusika. Saruji yaweza kuwa ya kutosha na matofali yakawa mazuri, lakini kilichoivunja nyumba ni maji yaliyoingia na kutoka katika udongo ulio chini ya msingi.

Makala haya yanaeleza jinsi maji yanavyougeuza udongo, jinsi ya kuuchunguza udongo huo kwa vifaa vichache, na jinsi ya kuchagua msingi unaofaa. Masomo ya fizikia, kemia, jiografia na hisabati yanayofundishwa katika shule za sekondari yanatosha kuufahamu msingi wa jambo hili.

MLOLONGO WA UDONGO KUTOKA KILIMANI HADI BONDENI

Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aligundua kwamba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki aina za udongo hupangana kwa utaratibu ule ule kila mteremko unapojirudia. Aliuita utaratibu huo kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, catena, na neno hilo sasa hutumiwa na wataalamu wa udongo duniani kote. Nchi ya Wasukuma ni miongoni mwa mahali ambapo mnyororo huo huonekana dhahiri.

Wakulima wa Kisukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo kabla ya wataalamu kufika. Sehemu za juu, karibu na mawe ya matale, kuna luseni, yaani udongo wa kichanga unaopitisha maji upesi. Chini yake katika mteremko kuna itogolo, udongo wenye tabaka gumu lisilopitisha maji, ambao hufaa kwa majaruba ya mpunga. Chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi mzito.

Kwa desturi mbuga ilitumiwa kwa malisho na kwa mazao, na makazi yakapendelea sehemu za juu zilizo kavu. Lakini miji inapokua, viwanja vya juu hujaa, na nyumba huteremka kuelekea bondeni. Fundi aliyezoea kujenga juu ya luseni hupeleka msingi ule ule katika mbuga, nao hushindwa. Basi swali la kwanza la mjenzi ni hili: kiwanja hiki kimo katika pete ipi ya mnyororo?

KWA NINI UDONGO WA MBUGA HUVIMBA

Mawe ya matale yanapooza kwa muda mrefu, madini yake hugawanyika. Mvua huyachukua madini yanayoyeyuka, kama vile silika, kalisi na magnesi, na kuyateremsha bondeni. Huko bondeni maji hayana njia ya kutoka upesi, na kiangazi huyakausha. Katika hali hiyo huumbika madini ya mfinyanzi yaitwayo montimorilonaiti, yaliyopewa jina la mji wa Montmorillon huko Ufaransa.

Chembe ya montimorilonaiti ni kama kitabu chenye kurasa nyembamba sana. Kila ukurasa una tabaka mbili za silika na tabaka moja la alumini katikati. Katika tabaka la katikati baadhi ya ayoni za alumini zimebadilishwa na ayoni za magnesi zenye chaji ndogo zaidi. Kwa hiyo ukurasa mzima hubaki na chaji hasi. Ayoni chanya, kama za kalisi na sodi, huvutwa zikakaa kati ya kurasa. Maji yanapofika, huvutwa na ayoni hizo, yakaingia kati ya kurasa na kuzisukuma zitengane. Udongo huvimba. Maji yakitoka wakati wa kiangazi, kurasa hukaribiana tena, udongo hunywea, na nyufa hutokea.

Si kila mfinyanzi una tabia hii. Kaolini ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, ni mfinyanzi pia, lakini kurasa zake zimeshikamana kwa nguvu na maji hayapiti kati yake. Gramu moja ya montimorilonaiti yaweza kuwa na eneo la uso lifikalo mita za mraba 800. Gramu moja ya kaolinaiti ina eneo la kadiri ya mita za mraba 10 hadi 20 tu. Tofauti hiyo ya eneo ndiyo tofauti ya uwezo wa kushika maji.

Ieleweke pia kwamba weusi wa udongo si kipimo cha rutuba wala cha ubaya wake. Udongo wa mbuga una mboji kidogo tu, na udongo mwingine wa kijivu waweza kuvimba kama huo mweusi. Rangi hutoa tahadhari. Uamuzi hutolewa na vipimo.

MAJI HUPUNGUZA NGUVU YA ARDHI

Mbali na kuvimbisha, maji yana athari ya pili. Mwaka 1925 Karl Terzaghi, mhandisi wa Austria, alichapisha kitabu kilichoweka msingi wa elimu ya mekanika ya udongo. Kanuni yake kuu ni kwamba uzito ulio juu ya tabaka la udongo hubebwa na wawili: chembe zinazogusana, na maji yaliyo katika nafasi kati ya chembe hizo. Maji hayawezi kuhimili mkato. Kwa hiyo nguvu ya udongo hutokana na sehemu ile inayobebwa na chembe peke yake.

Chukua udongo wenye uzito wa kilonyutoni 18 kwa kila mita ya ujazo. Katika kina cha mita 2, kanieneo yote ni:

18 × 2 = 36 kN/m²

Ikiwa usawa wa maji ya ardhini uko chini ya kina hicho, chembe hubeba takriban yote 36. Maji yakipanda hadi usoni pa ardhi, kanieneo ya maji katika kina hicho huwa 10 × 2 = 20 kN/m². Kinachobaki kwa chembe ni:

36 − 20 = 16 kN/m²

Hivyo sehemu inayobebwa na chembe imepungua chini ya nusu, ingawa hakuna kilichoongezwa juu ya ardhi. Hii ndiyo sababu shimo lililosimama imara mwezi wa Septemba huporomoka mwezi wa Januari.

Katika Mkoa wa Geita, viwanja vya kando ya Ziwa Victoria vina hali ya pekee. Usawa wa maji ya ardhini huko huenda pamoja na kimo cha ziwa, ambacho ni kadiri ya mita 1,134 juu ya bahari. Kimo hicho hakikai mahali pamoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Lilipanda tena sana mwaka 2020 na mwaka 2024, likafurika nyumba za ufukweni. Anayepima maji mwaka mmoja wa ukame na kuujenga msingi wake kwa kipimo hicho ameipima hali ya mwaka huo tu.

HESABU YA NYUMBA YA KAWAIDA

Sasa na ichukuliwe nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, yenye kuta za matofali ya saruji na paa la bati. Uzito wa kila mita moja ya urefu wa ukuta waweza kukadiriwa hivi:

Ukuta, kimo m 3, unene m 0.15: 3 × 0.15 × 20 = 9.0 kN
Paa na dari: 2.0 kN
Ukuta wa msingi, kimo m 0.9, unene m 0.23: 0.9 × 0.23 × 20 = 4.1 kN
Zege la msingi, upana m 0.6, unene m 0.2: 0.6 × 0.2 × 24 = 2.9 kN
Jumla: 18.0 kN

Kanieneo chini ya msingi ni 18 ÷ 0.6 = 30 kN/m².

Je, mbuga iliyolowa yaweza kuubeba mzigo huo? Kwa mfinyanzi uliojaa maji, kanieneo ya kuuvunja ni kadiri ya mara 5.14 ya nguvu yake ya kuhimili mkato. Ikiwa nguvu hiyo ni 20 kN/m², ambayo ni ya udongo mlaini, ardhi itavunjika kwenye 5.14 × 20 = 103 kN/m². Wahandisi hugawa kwa 3 kwa ajili ya usalama, wakapata 34 kN/m². Mzigo wa 30 uko ndani ya mpaka, ijapokuwa kwa nafasi ndogo.

Kwa hesabu hii nyumba ni salama. Mbona basi hupasuka? Jibu ni kwamba hesabu hiyo imeuliza iwapo nyumba itazama, haikuuliza iwapo nyumba itainuliwa. Mfinyanzi mkavu wa aina ya montimorilonaiti, ukizuiwa usivimbe huku ukinyweshwa maji, waweza kusukuma kwa kanieneo inayozidi 100 kN/m², na katika hali fulani zaidi ya 200. Nyumba inaibana ardhi kwa 30 tu. Katika shindano hilo ardhi hushinda.

Hapa ndipo penye kosa linalogharimu watu wengi. Fundi anapoambiwa kwamba udongo ni mbaya, huupanua msingi. Akiupanua kutoka m 0.6 hadi m 1.2, zege huongezeka na mzigo hufikia 20.9 kN, lakini kanieneo hushuka hadi 20.9 ÷ 1.2, yaani kadiri ya 17 kN/m². Ikiwa tatizo ni ulaini, amefanya vyema: ardhi inabanwa kidogo zaidi. Ikiwa tatizo ni kuvimba, amefanya vibaya: sasa ardhi ina kizuizi kidogo zaidi cha kuiinua nyumba. Dawa ya ugonjwa wa kwanza huuzidisha ugonjwa wa pili.

Kwa hiyo kabla ya kuamua upana wa msingi, hapana budi kuamua ni ugonjwa upi. Jambo linaloamua ni mwendo wa maji. Mahali ambapo ardhi imelowa mwaka mzima, kama katika mabonde ya kando ya ziwa, udongo umekwisha vimba kadiri ya uwezo wake. Hofu iliyobaki ni ulaini na kuzama. Mahali ambapo ardhi hulowa na kukauka kila mwaka, kama katika mbuga nyingi za Shinyanga, hofu kubwa ni kuinuka na kushuka.

Kuzama nako hutaka subira kukifahamu. Maji hutoka polepole katika mfinyanzi uliobanwa, na nyumba yaweza kuendelea kushuka kwa miaka mingi. Mnara wa Pisa, Italia, ulioanza kujengwa mwaka 1173 juu ya ardhi laini, ulianza kuinama kabla haujakamilika. Ulifungwa kwa wageni mwaka 1990, na baada ya wahandisi kupunguza udongo chini ya upande ulio juu zaidi, ukafunguliwa tena mwaka 2001. Kilichodhuru hapo ni kwamba upande mmoja ulishuka zaidi ya mwingine. Nyumba ikishuka au kuinuka yote kwa kipimo kimoja hupata dhara dogo. Tofauti kati ya sehemu na sehemu ndiyo inayoipasua.

KUZISOMA NYUFA

Nyumba ikishajengwa, sakafu yake huizuia ardhi iliyo chini isikaushwe na jua. Unyevu hujikusanya katikati, lakini pembeni ardhi huendelea kulowa na kukauka. Katika kiangazi pembe za nyumba hushuka na katikati hubaki juu. Kuta hupinda kama mgongo wa kobe, na nyufa huwa pana zaidi juu, karibu na paa. Mvua za mwanzo zikilowesha pembeni tu, pembe huinuka, kuta hupinda kama bakuli, na nyufa huwa pana zaidi chini.

Nyufa za namna hii huanzia mahali ukuta ulipodhoofishwa, yaani kwenye pembe za madirisha na milango, zikaenda mshazari. Dalili iliyo kuu ni kwamba upana wake hubadilika kwa majira. Mwalimu aweza kuwaongoza wanafunzi kuchora mistari miwili ya penseli kila upande wa ufa na kupima umbali kati yake kila mwezi. Ufa unaofumba wakati wa mvua na kufunguka wakati wa kiangazi hauponi kwa kupigwa lipu. Lipu itapasuka tena.

KUKICHUNGUZA KIWANJA

Majaribio yafuatayo yaweza kufanywa shuleni. Hayachukui nafasi ya maabara ya wahandisi, lakini huonyesha mahali penye hatari.

Jaribio la 1: Kuvimba kwa udongo. Kausha udongo, usage, uupitishe katika chekeche laini. Pima sm³ 10, uumimine polepole katika silinda ya kupimia yenye ml 100 za maji. Uache hadi siku ya pili, kisha soma ujazo wa udongo uliotua. Ikiwa sm³ 10 zimekuwa 22, kuvimba ni:

(22 − 10) ÷ 10 × 100 = asilimia 120

Udongo unaovimba chini ya asilimia 50 kwa kawaida hauna madhara makubwa. Udongo unaofikia asilimia 100 au zaidi waweza kuziharibu nyumba nyepesi. Rudia jaribio kwa kutumia mafuta ya taa badala ya maji. Udongo hautavimba, kwa sababu molekuli za mafuta hazina ncha za chaji za kuvutwa na ayoni zilizo kati ya kurasa. Wanafunzi wa kemia na walieleze jambo hili kwa maneno yao.

Jaribio la 2: Kunywea. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kifuniko, urefu sm 60, upana sm 4 na kina sm 4. Lipake mafuta ndani. Lijaze udongo uliokandwa kwa maji, uuache ukauke. Sukuma vipande vyote upande mmoja, kisha pima pengo lililobaki. Linganisha luseni na mbuga.

Jaribio la 3: Mwendo wa maji ya ardhini. Toboa shimo jembamba la kina cha mita 3 kwa keekee ya udongo, utie bomba la plastiki lililotobolewa matundu upande wa chini, na ulifunike juu ili mvua isiingie. Kila wiki pima kina cha maji kwa kamba yenye kizito, mwaka mzima. Chora grafu pamoja na kipimo cha mvua. Ni kipimo cha maji yakiwa juu kabisa ambacho mjenzi hukihitaji.

Tahadhari: mtu yeyote asiingie katika shimo lisilozuiwa kuta kwa mbao ikiwa kina chake kinazidi mita 1.2. Udongo wa mbuga huporomoka ghafula.

KUUCHAGUA MSINGI

Hatua ya kwanza ni kuuliza kama nyumba yaweza kupandishwa katika mteremko. Mita mia chache kuelekea luseni zaweza kuokoa gharama kubwa kuliko nondo zote. Pasipo nafasi hiyo, kuna njia nne.

(a) Kuondoa udongo mbaya. Ikiwa tabaka la mbuga ni jembamba, huchimbuliwa hadi kufikia ardhi isiyovimba, na shimo hujazwa moramu iliyoshindiliwa vizuri kwa matabaka membamba. Mchanga mtupu haufai kujazia. Maji ya mvua hupita upesi ndani yake, yakatuama juu ya mfinyanzi wa chini kama maji katika beseni, na kuuvimbisha.

(b) Msingi wa jamvi. Hii ni sahani moja ya zege yenye nondo, iliyokazwa kwa mihimili chini yake, inayoibeba nyumba nzima. Ardhi ikisogea, nyumba husogea kama mtumbwi juu ya wimbi bila kukunjika. Jamvi linafaa hasa mahali penye ulaini na maji ya juu. Mahali penye kuvimba, ukakamavu wa mihimili ndio unaoiokoa nyumba. Sahani nyembamba isiyo na mihimili itapasuka pamoja na kuta.

(c) Nguzo zenye kitako. Nchini India, ambako udongo mweusi wa pamba umeenea sana, taasisi ya utafiti wa majengo ya Roorkee iliendeleza tangu miaka ya 1950 nguzo fupi za zege zinazotobolewa ardhini, zenye uvimbe karibu na ncha ya chini. Upana wa uvimbe huo kwa kawaida ni mara 2.5 ya upana wa nguzo. Nguzo hushuka kupita tabaka linalolowa na kukauka, hadi mahali ambapo unyevu haubadiliki. Huko India mara nyingi ni kadiri ya mita 3.5. Udongo wa juu ukijaribu kuinua nguzo, kitako huishikilia kama nanga. Kuta hukaa juu ya mihimili inayounganisha nguzo, na chini ya mihimili huachwa nafasi tupu ili udongo uvimbe bila kuigusa. Fundi akiijaza nafasi hiyo kwa kifusi, ameiondoa faida yote. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, matobo haya huporomoka. Yafaa kazi ifanywe mwisho wa kiangazi.

(d) Kuinua kiwanja. Katika viwanja vya bondeni na kando ya ziwa, tuta la moramu hushindiliwa kabla ya ujenzi. Tuta likiachwa majira moja au zaidi, uzito wake huyakamua maji katika udongo laini, na sehemu ya kuzama hutokea kabla nyumba haijakuwapo.

Katika njia (b) na (c) vipimo vya zege na nondo na vihesabiwe na mhandisi. Katika njia zote, nyumba yenye umbo la mstatili mfupi husalimika kuliko nyumba ndefu au yenye pembe nyingi, na ukuta hufungwa kwa mkanda wa zege chini na juu. Darasa refu ni bora ligawanywe vipande viwili vyenye mwanya kati yake.

KARO TUPU HUELEA

Jambo jingine husahauliwa mara nyingi: maji huinua. Chukua tangi la maji taka la zege lililozikwa, lenye urefu m 3, upana m 2 na kimo m 2 kwa vipimo vya nje, na unene wa zege m 0.15 kila upande. Ujazo wa zege ni kadiri ya m³ 4.2, na uzito wake 4.2 × 24, yaani kadiri ya kN 101. Maji ya ardhini yakifika juu ya tangi, kwa kanuni ya Archimedes kanieleezi ni sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando: 3 × 2 × 2 × 10 = kN 120. Tangi tupu ni jepesi kuliko maji hayo. Ukiacha msuguano wa udongo, litapanda na kuyavunja mabomba.

Tiba ni kupanua sakafu ya tangi kwa m 0.3 kila upande, ili udongo ulio juu ya ukingo huo ulibane tangi. Udongo huo, ukihesabiwa kwa uzito wake ndani ya maji, pamoja na zege lililoongezeka, huongeza kadiri ya kN 57. Jumla hufikia 158, na tangi hutulia. Karo jipya lisiachwe tupu wakati wa mvua. Na lijazwe maji.

ARDHI ILIYOCHIMBWA YA GEITA

Katika ukanda wa dhahabu kuna hatari ambayo haikuletwa na maumbile. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966; mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Pembeni mwake wachimbaji wadogo wamechimba maduara mengi na kuacha malundo ya marudio. Duara lililofukiwa bila kushindiliwa laweza kubeba nyumba katika kiangazi, kwa kuwa chembe zimeshikamana kwa unyevu mdogo. Maji yakiingia, mshikamano huo hutoweka na kifusi huporomoka kwa ghafula. Marudio nayo ni laini kama unga, hubeba kidogo sana yakilowa, na huweza kuwa na zebaki au kemikali nyingine. Hayafai kujazia msingi. Kabla ya kununua kiwanja, wazee wa mahali hapo na waulizwe palichimbwa wapi.

KUYATAWALA MAJI BAADA YA KUJENGA

Msingi mzuri waweza kuharibiwa na mwenye nyumba mwenyewe. Mradi uliozinduliwa mwaka 2009 uliyaleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele hadi miji ya Shinyanga na Kahama. Neema hii ina sharti lake: bomba linalovuja karibu na msingi huvimbisha mbuga hata katikati ya kiangazi, tena upande mmoja tu. Basi mabomba yapitishwe mbali na kuta, na viungo vyake viweze kupinda kidogo. Paa liwe na mabomba ya kukusanyia mvua. Nyumba izungukwe na mkanda wa zege wa upana wa mita 1 hadi 1.5, unaoteremka kuelekea nje, na mifereji iyachukue maji mbali. Miti inayonyonya maji mengi ipandwe mbali na ukuta kwa umbali usiopungua kimo chake kitakapokomaa, kwa sababu mizizi huukausha udongo upande mmoja.

Mambo haya hayahitaji utajiri. Hata nyumba iliyokwisha pasuka yaweza kutulizwa kwa mkanda wa zege na mifereji, kabla ya kufikiria kuibomoa. Lengo ni moja: unyevu wa ardhi chini ya nyumba usibadilike.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Chora mteremko mmoja wa eneo la shule yako, uonyeshe aina za udongo kwa majina ya wenyeji na mahali nyumba zilipojengwa.

2. Udongo wenye uzito wa 17 kN/m³ umejaa maji hadi usoni. Tafuta kanieneo inayobebwa na chembe katika kina cha m 3. (Jibu: 21 kN/m²)

3. Eleza kwa nini kupanua msingi kwaweza kufaa ufukweni mwa ziwa na kudhuru katika mbuga ya Shinyanga.

4. Tangi la zege lenye vipimo vya nje vya m 2 × 2 × 2 lina uzito wa kN 72. Je, litaelea maji ya ardhini yakifika juu yake? (Jibu: ndiyo, kanieleezi ni kN 80)

5. Ukuta una ufa ulio mpana juu kuliko chini, nao hufunguka zaidi mwezi wa Septemba. Ni sehemu gani ya nyumba iliyoshuka, na kwa sababu gani?